MARADHI HUPITA, DENI HUBAKI
Biashara na kazi za Nairobi baada ya tauni, homa na Korona

Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.T) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, kwani si wote tuliofunga nao mwaka jana tuko nao leo. Makala yangu ni ya historia, lakini naomba uniruhusu nianzie nyumbani kwetu Gatwekera, Ramadhan ya mwaka 2020.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, na shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya mwezi wa Machi. Mama yangu ni mama fua. Kila asubuhi alikuwa akipanda kutoka mtaani, anavuka reli, anakwenda kufua na kupiga deki kwenye nyumba za ghorofa. Alikuwa na nyumba tatu za kudumu, kila moja na siku yake, na kila siku alilipwa shilingi 500. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha, nyumba zote tatu zilikuwa zimempigia simu. Hakuna aliyemfukuza wala kumtusi. Aliambiwa tu asije mpaka mambo yatulie.

Hapo ndipo tukaanza kula kwa daftari. Mwenye duka letu alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka upande wa Mumias, na watoto wote wa mtaa tulimwita Babu. Alikuwa na daftari la jalada gumu, kila nyumba na ukurasa wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa jioni, mbio mbio kabla ya kafyu ya saa moja: unga, mafuta ya kupima, sukari, na tende za kufuturia siku alizokuwa nazo. Babu alikuwa akimaliza kuandika, analigeuza daftari upande wangu na kuniambia, "Soma mwanangu, usije ukasema Babu ameongeza." Nasoma, nasema sawa, naondoka. Misikiti ilikuwa imefungwa, na tarawehe tuliswali nyumbani, watu watano katika chumba kimoja.

Sasa niko chuo kikuu nasoma historia. Siku moja darasani liliulizwa swali hili: maradhi makubwa yakishapita, biashara na kazi za watu hubadilika vipi? Wenzangu wengi walijibu kwamba dunia haiwezi tena kuwa kama zamani. Mimi nilikumbuka daftari la Babu, nikaanza kutafuta jibu katika vitabu. Nililolipata ndilo ninalotaka kukueleza: maradhi yenyewe hayaamui watu watafanya kazi gani na kwa malipo gani. Wanaoamua ni watu, na mara nyingi huamua mapema, wakati wengine bado wanazika maiti wao.

TAUNI YA AMWAS

Tuanze na historia yetu wenyewe. Mwaka wa 18 Hijria (sawa na mwaka 639) tauni kubwa ilizuka Amwas, katika nchi ya Palestina, ikaenea Sham yote. Wanahistoria wetu wanataja watu wapatao 25,000 waliokufa. Miongoni mwao walikuwa masahaba wakubwa kama Abu Ubaida bin al-Jarrah na Muadh bin Jabal, Allah awe radhi nao.

Sehemu ya kwanza ya kisa hiki tuliisoma sote madrasa. Sayyidna Umar (R.A) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni alipofika Sargh. Akafanya mashauri na watu, kisha Abdurrahman bin Auf akamweleza mafundisho ya Mtume (S.A.W) kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo haikimbii. Umar akarudi Madina. Mwaka 2020 kisa hiki kilisimuliwa sana ili watu waelewe kwa nini misikiti imefungwa.

Lakini sehemu ya pili hatuisikii sana. Tauni ilipokwisha, Umar alifunga safari tena, akaenda Sham. Alikwenda kufanya nini? Wanahistoria wanasimulia kwamba moja katika kazi zake kubwa ilikuwa kugawa mirathi. Watu walikuwa wamekufa kwa wingi, baba na mtoto kwa wiki moja, hata haikujulikana nani amrithi nani. Mali zilikuwa zimelala bila mwenyewe. Pahali kama hapo mwenye nguvu angeweza kujichukulia, na mjane asingekuwa na wa kumlilia. Khalifa alitoka Madina mwenyewe, akahakikisha kila haki imefika kwa mwenyewe, kisha akapanga upya uongozi wa nchi ile.

Tukitoka na jambo moja katika kisa hicho, liwe hili: maradhi yakiisha, kazi ya kwanza ni kuuliza nani anamdai nani.

MSHAHARA ULIOKATAZWA KUPANDA

Miaka mia saba baadaye ilikuja tauni iliyozunguka karibu dunia yote ya wakati ule, kuanzia mwaka 1347. Mwanachuoni wetu Ibn Khaldun alikuwa kijana wa Tunis, umri kama wangu au chini kidogo, alipofiwa na baba na mama katika tauni hiyo. Alipokuwa mtu mzima na kuandika Muqaddima yake, aliihesabu tauni ile kuwa moja ya mambo yaliyogeuza hali ya dunia, yanayohitaji mtu akae chini ayaandike.

Kule Uingereza watu wengi mno walikufa, na wafanyakazi wa mashamba wakawa adimu. Sasa fikiria mwenyewe: kitu kikiwa adimu sokoni, bei yake hufanyaje? Hupanda. Waliobaki wakaanza kudai malipo makubwa zaidi, na ilikuwa haki yao. Lakini mwaka 1349, tauni ikiwa bado inaua, mfalme alitoa amri kwamba mtu asilipwe zaidi ya kiwango cha kabla ya tauni, na aliyeweza kufanya kazi asikatae. Mwaka 1351 Bunge likaitilia nguvu kwa sheria. Yaani soko lilipomnufaisha tajiri liliachwa lifanye kazi yake, lilipomnufaisha maskini likafungwa kwa sheria. Hata hivyo sheria hiyo haikuweza kuzuia mambo milele, na baada ya miaka mingi mishahara ilipanda.

Kama unadhani hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani yasiyotuhusu, basi tuje Nairobi.

NAIROBI 1902: SOKO LACHOMWA MOTO

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Ndani ya muda mfupi pakawa na kambi, maduka ya mabati na mbao, na soko la Wahindi lililoitwa Bazaar. Maduka yalibanana, mitaro haikuwepo, na udongo wa pale ulikuwa wa kinamasi.

Huko nje ya Afrika tauni ilikuwa inasafiri kwa meli: Hong Kong 1894, Bombay 1896, kisha ikaingia katika bandari za Bahari ya Hindi. Mwaka 1902 ikafika Nairobi, ndani ya Bazaar. Afisa wa afya wa serikali akatoa amri Bazaar ichomwe moto. Ikachomwa. Waliokuwa na duka pale waliamka wakiwa na biashara, wakalala bila kitu.

Tuseme ukweli: panya na viroboto ndio wanaoeneza tauni, na kuchoma nyumba zenye panya lilikuwa jambo lililofanywa katika miji mingi wakati ule. Lakini tazama kilichofuata. Tauni ilirudi Nairobi mara kadhaa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1913 Waingereza walimleta mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati kuwe na uwanja mtupu wa kuwatenganisha. Maradhi ya panya yakawa hoja ya kupanga wanadamu.

Waafrika wa Nairobi walikuwa wakikaa katika vijiji walivyovijenga wenyewe, kama Pangani, Maskini na Mji wa Mombasa, na wakazi wengi wa humo walikuwa Waislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima kitongoji kimoja rasmi, Pumwani, watu wakahamishiwa huko. Pangani nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Usafi na afya vilikuwa katika sababu zilizotajwa kila mara. Kwa mwanamke aliyekuwa na nyumba yake Pangani na kupangisha vyumba, hiyo ilikuwa biashara yake iliyokufa.

Wahindi nao walijenga upya. Leo ukitoka kuswali Msikiti wa Jamia si mbali kufika Biashara Street, penye maduka ya leso, mablanketi na nguo za watoto. Zamani mtaa huo ukiitwa Bazaar Street. Tajiri mmoja Mwislamu wa zama hizo, A. M. Jeevanjee, alijenga soko na mwaka 1906 akautolea mji bustani ambayo mpaka leo ina jina lake. Kwa hiyo aliyekuwa na mtaji, au ndugu wa kumkopesha, alisimama tena. Asiye navyo alihesabiwa kuwa uchafu wa kuondolewa.

HOMA YA 1918 NA KIPANDE

Sasa nakuja kwenye sura iliyonigusa zaidi. Mwezi wa Septemba 1918, Vita Vikuu vikielekea mwisho, homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda treni, ikafika Nairobi na Kisumu, kisha ikaingia vijijini. Inakadiriwa kwamba iliua watu wapatao 150,000 Kenya nzima. Ilikuta nchi iliyokwisha kuchoka. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hawakurudi makwao, na jina la Kariokor hapa Nairobi limetokana nao. Mvua nazo zilikosekana, njaa ikaingia.

Mwaka huo huo wa 1918 ndio serikali ilipoitangaza rasmi Kibra yetu, ekari 4,197, kuwa eneo la askari wa Kisudani wa King's African Rifles na jamaa zao, wazee wa Wanubi wa leo. Wazee hao walijenga misikiti wakalima mashamba, lakini hawakupewa hati ya ardhi. Wajukuu wao walipata hati mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288 tu.

Turudi kwenye kazi. Baada ya vita, njaa na homa, wafanyakazi walikuwa adimu kama kule Uingereza mwaka 1349. Wakati huo huo, mwaka 1919, serikali ilikuwa inagawa mashamba mapya kwa Wazungu waliotoka vitani, na kila shamba lilihitaji vibarua. Kwa hesabu ya soko, kibarua wa Kikuyu, Mluo au Mluhya angepaswa kuchagua tajiri na kutaja bei yake. Yaliyotokea ni kinyume. Hebu tuyahesabu:

1. Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka uliowataka maafisa na machifu kuwahimiza watu wao watoke wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Chifu akihimizwa na serikali, unajua mwenyewe raia atahimizwa vipi.

2. Sheria ya kipande ilikuwa imeandikwa tangu 1915, lakini vita viliizuia. Ilianza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri wake, na mshahara aliolipwa. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Tajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka bila ruhusa unatafutwa na polisi.

3. Kodi ilipandishwa hadi shilingi 16, na kodi hailipwi kwa mahindi wala mbuzi. Inataka fedha, na fedha iko kwa tajiri.

4. Mwaka 1921 bei za mazao zilipoanguka ulimwenguni, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja.

Ndugu msomaji, kipande kilikuwa daftari. Tofauti yake na lile la Babu ni kwamba mwenye kuandikwa hakuonyeshwa kilichoandikwa, na hata akionyeshwa wengi hawakujua kusoma, na hakuwa na haki ya kusema hapa umekosea.

Je, watu walinyamaza? La. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali, pamoja na wenzake, miongoni mwao Mwislamu Abdalla Tairara, waliunda chama kupinga kipande, kodi na mishahara kukatwa. Kilikuwa chama cha watu wa kazi za mji: makarani, madereva, watumishi wa nyumbani. Machi 1922 Thuku alikamatwa. Wafanyakazi wakaacha kazi na kukusanyika mbele ya kituo cha polisi. Tarehe 16 polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine walisema ni zaidi, na miongoni mwao alikuwa mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatia watu moyo wasirudi nyuma. Thuku akahamishiwa Kismayu. Leo barabara ya pale imepewa jina lake, na wanafunzi tunapita tukiwa na haraka ya kwenda darasani.

Baada ya hapo kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12. Kipande kiliendelea kwa miaka mingine zaidi ya 20. Kwa hiyo homa iliua kwa miezi michache, lakini utaratibu wa kazi uliopangwa nyuma yake uliwashika watu karibu kizazi kizima.

KORONA MTAANI KWETU

Sasa tujitazame sisi. Kwa hesabu rasmi Korona iliua watu karibu 5,700 Kenya. Lakini kwa watu wa mtaa kama wetu, njaa iligonga mlango kabla ya maradhi. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Siku nne baadaye watu walikanyagana hapa Kibera wakigombania chakula cha msaada. Wale wa mjengo, wa viwandani na wa mama fua wote walikuwa nyumbani mara moja, na sisi hatukuwa na kazi ya kufanyia nyumbani.

Wafanyabiashara wa Toi wanakumbuka kwamba kuanzia mwisho wa Machi mpaka Agosti mitumba haikuruhusiwa kuingia nchini. Aliyekuwa na marobota stoo aliuza kwa bei aliyotaka. Aliyekuwa akinunua kidogo kidogo alikula mtaji wake. Upande wa simu, tangu katikati ya Machi kutuma pesa kwa M-Pesa mpaka shilingi 1,000 kulikuwa bure, na hapo ndipo hata mama mboga walipozoea kulipwa kwa simu. Mwaka ulipokwisha, ada zilirudi. Mazoea yalibaki.

Serikali nayo ilileta Kazi Mtaani, vijana wakazibua mitaro na kufagia njia. Kaka yangu alipata nafasi awamu ya pili, shilingi 455 kwa siku. Watu walimcheka kwa kushika koleo na cheti cha kidato cha nne anacho. Lakini kwa pesa ile ndiyo mama alinunua jiko na sufuria kubwa, akaanza kuuza chapati na maharagwe jioni.

Na zile nyumba tatu za kufua? Moja ilihama Nairobi. Ya pili ilinunua mashine. Ya tatu ilimwita mama mwisho wa 2020, ila ikasema hali ni ngumu, sasa ni shilingi 300. Nguo ni zile zile. Kina mama wanaokaa kando ya barabara walikutana, wakakubaliana kwamba hakuna atakayekwenda kwa chini ya 500. Wiki mbili walishikamana. Ya tatu, mmoja wao mtoto wake aliugua, akaenda kwa 300. Mama hakumlaumu. Alisema, "Ningekuwa mimi ningeenda usiku." Huo ndio mwaka 1921 wetu, na hakuna mlowezi wala sheria iliyohitajika. Njaa ilitosha.

Kisha likaja daftari la tatu, nalo liko ndani ya simu. Wengi waliomaliza mitaji yao walikopa kwa programu za simu, pesa zinaingia kwa dakika moja na riba juu yake. Kijana jirani yetu alikopa 2,000 anunue viatu vya kuuza. Biashara ikakwama. Wale wakopeshaji, ambao sitawataja, wakaanza kupigia simu watu waliomo katika simu yake: shangazi, mwenye nyumba, mpaka ustadh wetu wa madrasa, wakiwaambia kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Aliacha kuja msikitini kwa aibu. Malalamiko kama hayo yalijaa nchi nzima, na Desemba 2021 ikapatikana sheria ya kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Jambo jema, lakini lilikuja watu wameshavunjiwa heshima.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tuwe macho wakati wa msukosuko. Amri ya mshahara ilitoka tauni ikiwa bado inaua. Yanayopitishwa watu wakiwa na hofu ndiyo yanayokaa muda mrefu. Kijana aliyesoma amsomee mama yake na jirani yake kilichoandikwa kabla hawajakubali, hata kama ni masharti ya mkopo ndani ya simu.

Pili, makubaliano ya kina mama wale hayakuvunjwa na uroho, yalivunjwa na mtoto mgonjwa. Kama wangekuwa na mfuko mdogo wa kumsaidia mwenzao siku ile, huenda 500 ingesimama. Chama cha kuweka pesa na kukopeshana bila riba si jambo la kungoja balaa. Huundwa wakati wa raha. Wenye duka wa Bazaar waliosimama tena ni wale waliokuwa na wa kuwakopesha. Sisi wa Gatwekera na Kawangware tuna vikundi vya harusi na vya mazishi. Tumekosa cha kumshika mtu aliye hai asianguke.

Tatu, deni liandikwe, na lioneshwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ndani ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni kwa uadilifu. Nilipokuwa nikiihifadhi madrasa nilijiuliza kwa nini jambo la biashara limepewa nafasi kubwa hivyo. Baada ya kusoma habari za kipande, na kuona ya simu, siulizi tena.

DAFTARI LA BABU

Babu alifunga duka mwanzoni mwa 2021. Wengi walikuwa wamehamia ushago bila kumlipa, na wenye bidhaa za jumla hawakumngoja. Alirudi kwao, na mwaka 2023 tukasikia amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ukurasa wetu ulikuwa umebaki na shilingi 4,350.

Mama hakusahau. Kila wiki alikuwa akiweka kidogo kutoka kwenye chapati, na mimi nikaongeza nilichopata kwa kufundisha watoto. Mwezi wa Shaaban tulisikia kwamba mtoto wa Babu ana kibanda cha kutengeneza simu Kawangware. Tukaenda. Alitukaribisha, tukampa pole, kisha mama akatoa bahasha. Yule kijana akakataa. Alisema baba yake aliacha neno kwamba mtu yeyote wa Gatwekera asidaiwe.

Mama akamwambia, "Mwanangu, alisema msitudai, hakusema hatuna deni. Na sasa si lake tena, ni lenu warithi. Mkitaka kusamehe sameheni, lakini mtusamehe tukiwa tumeleta."

Alikaa kimya kidogo, akainuka, akatoa daftari chini ya meza. Jalada lilikuwa limechanika. Kurasa nyingi zilikuwa hazina mstari wa kufuta. Akaufungua wetu, akahesabu pesa, akachukua yote ila shilingi 350 ambazo alisema ni zawadi yangu ya kitabu. Akaandika "Imelipwa" na tarehe, kisha akaligeuza daftari upande wangu, kama vile baba yake. Nikasoma, nikasema sawa.

Ndugu yangu, kama mwaka 2020 ulikula kwa daftari la mtu, mtafute mwezi huu. Huenda naye alianguka kwa sababu alikushika wewe. Na kama wewe ndiye unayedai na unajua mwenzako hana, mpe muda, au mwachie kwa ajili ya Allah. Wale wa ghorofani nao, kama makala hii itawafikia, wakumbuke kwamba aliyeambiwa asije mpaka mambo yatulie anangoja bado, na bei ya unga haikungoja.

Allah awarehemu waliotutangulia, atulinde na balaa, na atukubalie funga zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.